Hatua ya Miguu Mizima

Mimi Yinhuan sina subira na watu wanaosifu wasichokijua. Mwaka ule wilaya nzima ilikuwa ikiisifu hatua ya ngoma ya kijiji chetu, Liujiagou: mguu wa kulia unakwenda mrefu, wa kushoto mfupi, nyonga inazama kidogo, pepeo la mkononi linafuata. Wageni walisema huo ni unyenyekevu wa wanawake wa milimani. Wengine wakasema ni mawimbi ya Mto wa Njano. Upuuzi mtupu. Kilikuwa kilema.

Mwalimu Bai Gaixiu alivunjika mguu wa kushoto akiwa na miaka ishirini na minne, kijiji kilipokuwa kinachimba bwawa na ukingo wa udongo ukamwangukia. Mfupa uliunga vibaya. Miaka kumi na miwili baadaye yangge, ngoma yetu iliyokuwa imepigwa marufuku, iliporuhusiwa kuchezwa tena, mwalimu wake alikuwa ameshakufa, na kijijini hakuna aliyeijua ngoma ila yeye. Tukaenda kwake wasichana kumi na wanane.

Kwetu mwanafunzi haulizi. Mwalimu alimwaga majivu ya jiko uani, akayasawazisha kwa ufagio, akacheza kutoka ukutani hadi langoni. Nasi tulimfuata mmoja mmoja, tukikanyaga palepale alipokanyaga. Aliyekosea hata kwa upana wa kidole alirudi ukutani kuanza upya. Tulikanyaga sawasawa, kisha tukawafundisha binti zetu vilevile.

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa nilipolijua kosa letu. Siku hiyo nilimpelekea Mwalimu uji wa mtama. Mumewe alishatangulia, mtoto hakujaliwa, na mimi ndiye niliyebaki kumtembelea. Nisijisifu bure, nilikwenda kwa sababu nyumba yangu nayo ilikuwa kimya. Binti yangu yuko mjini Xi'an, hunitumia picha za chakula anachokula.

"Mwezi wa kwanza wanakuja watu wa mkoa na kamera," nilimwambia. "Ngoma yetu inaingizwa kwenye orodha ya urithi."

"Ngoma ipi?"

"Yetu, Mwalimu. Yako wewe."

Aliweka bakuli chini. "Kwa hiyo mguu wangu mbovu ndio unaoingizwa kwenye orodha."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza jinsi tulivyouiga mguu wake tukidhani ndiyo ngoma, nami nikahesabu miaka yangu ya kuchechemea.

"Mbona hukutuambia?"

"Niliona haya. Mlikuwa mnanifuata kama vifaranga. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho imekuwa miaka arobaini na minne." Alijifuta mdomo. "Walioiona hatua ya mwalimu wangu nimebaki mimi peke yangu, Yinhuan. Nataka niione mara moja tu kabla sijafa. Baada ya hapo mnizike."

Alivuta ubao wa kukandia tambi, akaunyunyizia unga, akatembeza vidole viwili juu yake. Vyote viwili vilikwenda hatua ndefu. Nyonga haizami, inageuka tu, kama mtu anayepita mlango mwembamba na ndoo za maji begani. Vidole vile vya mwanamke wa miaka themanini vilicheza vizuri kuliko sisi sote.

Mwezi mzima nilijifunza uani kwake kila asubuhi. Mwili ni mkaidi jamani, mguu wa kushoto ulijifupisha wenyewe bila kuombwa. Alinitazama dirishani, akigonga fremu kwa kijiko.

"Unachechemea! Mimi nina sababu, wewe una nini?"

Siku ya kamera ikafika. Wanawake arobaini na mmoja tulijipanga kwenye uwanja wa kupuria nafaka, mishipi myekundu kiunoni, zumari likalia. Mwalimu alikalishwa kwenye kiti karibu na ngoma kubwa, amefungwa koti la pamba. Wote walizama. Mimi, katika safu ya tatu, sikuzama.

Yule bwana wa kamera alisimamisha kila kitu. "Mama wa safu ya tatu anaharibu mstari."

"Dada Yinhuan," akasema Lanying, kiongozi wetu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bonde, "uzee umekushukia miguuni? Mwacha asili ni mtumwa, dada."

Watu wakacheka. Bwana yule akamwendea Mwalimu kwa adabu. "Bibi, hatua sahihi ni ipi? Yao au yake?"

Neno moja tu lilitosha. Mwalimu aliwatazama wale arobaini, nyuso zimepakwa rangi, wengine wana wajukuu pembeni wanaowapungia mikono.

"Yao," akasema.

Nilitolewa. Nilipopita karibu na kiti chake nilitazama mbele kwa hasira. Alinishika mkono wa koti.

"Ni watu arobaini, mwanangu. Niwavunje wote siku moja?" Kisha akanong'ona, "Nenda kule nyuma kwenye jiwe la kusagia. Ngoma utaisikia."

Nilikwenda. Zumari lilipolia tena nilicheza peke yangu, kutoka kwenye jiwe hadi kwenye rundo la mabua, miguu yote miwili mirefu. Nilikuwa nalia, na sijui kama ni kwa hasira. Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa amekigeuza kiti chake upande wangu.

Alikufa mwezi wa tatu. Video ilitoka baadaye, na watu wengi wameipenda. Wanawake wanazama vizuri sana, na mbele yao anaonekana bibi kizee aliyeipa kisogo ngoma yake mwenyewe. Wengine wameandika kwamba maskini, uzee ulikuwa umemchanganya. Lanying anasema aligeuka ili watu wasione machozi ya furaha. Mimi simo katika video hiyo, wala sijasema kitu.

Jana asubuhi nilimwaga majivu uani kwangu, nikayasawazisha, nikacheza kutoka ukutani hadi langoni. Nilipogeuka, nyayo zilikuwa sawa, kushoto na kulia. Nilisimama pale langoni kwa muda, kwa mazoea, nikingoja wa nyuma yangu akanyage.