Mkeka wa Kumi

Mwalimu Kefa alikuwa amechoka, wala si uchovu wa siku moja. Ni uchovu wa miezi sita ya kufundisha pale Mishomoroni bila bakora, wazazi wakinong'ona kwamba ni mlegevu na walimu wenzake wakimcheka waziwazi. Bwana Ruwa, msimamizi wa shule za misheni, alikwisha kumpa sharti: wanafunzi kumi wa darasa la nne wamalize mikeka kumi ya maonyesho ya mjini ya Julai 1946, la sivyo shule ipewe mwalimu anayejua kuchapa.

Kefa hakumlazimisha mtu. Mtoto alipomletea ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, aliousuka mwenyewe, alimwuliza tu kama mwenyewe ameridhika nao, kisha akamrudishia. Kazi ilikwenda polepole mno.

Asubuhi ya maonyesho mikeka tisa ilikuwa mezani darasani. Wa kumi ulikuwa wa Jumwa, fundi kuliko wote, naye alikuwa sakafuni akiufumua.

"Jumwa."

"Abee, mwalimu."

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Ukingo umepinda. Uliniuliza kama nimeridhika, nami sijaridhika."

Kefa akaona giza. Neno moja tu la ukali, na mkeka ungeshonwa upesi upesi, naye angebaki na kazi yake. Alilitamani neno lile kama mwenye kiu. Akalimeza, akaketi.

Bwana Ruwa akaingia, akahesabu, akauliza ni nani aliyemwamuru mtoto kufumua. Jumwa akasema hakuna. Ruwa akamtaka Kefa amwamrishe amalize. Kefa akajibu kwa upole kwamba mkeka ni wa Jumwa.

Hapo Baya, mwanafunzi mwenzake Jumwa, aliyekuwa akiutazama ukingo ule, akaenda mezani akavuta mkeka wake. "Na wangu umepinda," akasema. Kaviha akafuata, kisha wengine watatu, kila mmoja akiukunjua wake dirishani na kuukagua kama mnunuzi mgumu.

Ruwa akahesabu tena mikeka iliyobaki mezani, akatoa kalamu. Kisha akaandika hesabu yake: mikeka minne.

Kefa alijua maana yake. Jumatatu angekuja mwalimu mwingine. Alikuwa amechoka hata asiweze kumsindikiza Ruwa alipotoka, na moyo ulimuuma kweli kweli. Lakini alipowaona wale watoto sita wamejiinamia kazi ambayo hakuna aliyewaagiza, alifurahi hadi akaona haya.

"Mwalimu, nishikie huku," Jumwa akasema, naye akashuka sakafuni, akashika.