Firigisi Niliyowekewa
Jirani yangu Honorata ndiye aliyenisukuma niende. Watu wa kanisa letu la Takoma Park, hapa Marekani, walikuwa wanakwenda kupanda mlima huko Virginia, nami sikutaka, kwa sababu kuku wangu mwekundu alikuwa ametoka kutotoa. "Nenda, dada Edna," akasema. "Mimi goti linaniuma. Nitakuangalizia."

Mlimani niliwachosha watu kwa habari za vifaranga. Nikarudi jioni miguu imevimba, nikakuta Honorata ameniandalia chakula mezani kwangu: wali, mchuzi wa nazi, na firigisi juu yake. Nilikula. Nyama ilikuwa ngumu na tamu, si ile ya dukani inayovunjika kama mkate. Nikamsifu, nikamwuliza kuku wa kienyeji amempata wapi katika nchi hii.

"Kula kwanza," akasema.

Nilipomaliza ndipo nikasikia vifaranga wanalia uani, kilio kile cha kumtafuta mama. Nikatoka. Walikuwa wamejikunyata kwenye boksi peke yao, juu ya sweta langu.

Niliporudi ndani Honorata alikuwa anaosha sahani yangu, hata hakugeuka. "Wakwe zangu walisema tangu wiki iliyopita kwamba wanakuja leo," akasema. "Ningewapaje kuku wa dukani, dada?"

Basi hata goti lile lilijua kwamba wageni wanakuja. Nilitaka kumtukana, lakini mdomo wangu ulikuwa bado na ladha ya nazi.

"Na usininunie," akasema. "Baba mkwe nimemnyima firigisi kwa ajili yako."