Maji ya Magotini

Baba yangu, Eliseo, alifia kwenye maji yanayomfika mtu magotini, kabla ya adhuhuri, mwezi wa Agosti, ufuo umejaa watu. Mimi nilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, namenya pichi.

Ufuo wa mji wetu, kusini kidogo ya Valencia, hauna makali. Mawe yaliyopangwa baharini huvunja mawimbi, na unaweza kutembea mbali sana kabla maji hayajakufika kiunoni. Ndiyo maana wenye watoto wadogo huupenda. Kazi kubwa ya mlinzi wa waogaji ni kuwatafuta watoto waliopotea kati ya miavuli.

Kaka yangu Fermín alikuwa amekuja kutoka Madrid na mkewe, Begoña. Tangu mama afariki baba aliishi na mimi, na mwaka ule mara mbili aliacha gesi wazi. Masista wa makao ya wazee walikuwa wametupa chumba kuanzia Septemba. Nilitaka tumwambie nyumbani. Fermín akasema bora ufukweni, mbele za watu hatapiga kelele. Ni kweli, hakupiga.

"Kwa hiyo mmeshapanga," alisema baba.

"Si kwamba tunakutupa, baba," alisema Fermín. "Kuna daktari, kuna bustani, kuna wazee wenzako wa kucheza nao dhumna."

"Wazee wenzangu wako makaburini. Dhumna hawachezi tena."

Begoña akacheka. Baba akanigeukia. "Na wewe, Nieves? Umechoka na mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Nimechoka, baba."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Haya. Ngoja nikaloweshe miguu."

Akashuka kuelekea majini na kaptula yake ya buluu. Sitaki kudanganya: niligeuza kiti makusudi, nisiuone mgongo wake.

"Umeona?" alisema Fermín. "Amelipokea vizuri tu."

Tukaongea habari za kusafirisha kitanda chake, kabati lake, na nani achukue picha za mama. Tuliongea muda mrefu.

Aliyepiga kelele ni mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi majini na mjukuu wake. Baadaye aliniambia alikuwa amemwona kitambo, kifudifudi, akadhani anatazama samaki. Mlinzi alimvuta hadi mchangani, akamkandamiza kifua mpaka mikono ikamwishia nguvu. Fermín alisimama kando na taulo mkononi, kana kwamba baba angeinuka na kulitaka.

Kwa sheria ya kwetu mwili haukuweza kuondolewa mpaka hakimu afike, na hakimu alikuwa mji mwingine. Tulingoja kwa muda wa saa mbili na nusu. Walimfunika baba kwa karatasi inayong'aa kama dhahabu, polisi mmoja akasimama pale. Mwanzoni watu walinyamaza. Kisha watoto wakarudi majini, maana joto lilikuwa kali na likizo ni fupi. Mpira ukaanza kudunda. Familia iliyokuwa karibu nasi ilifungua chakula, nikawasikia wakibishana kama kimanda cha viazi kinatakiwa kutiwa vitunguu. Sikuwachukia. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe niliwahi kula tikiti kwenye ufuo ule ule, na mtu wa watu amelazwa chini ya karatasi kama ile.

"Wifi, kunywa maji," alisema Begoña. Aliniambia hivyo mara nne au tano.

Hakimu alikuwa msichana tu, viatu kavishika mkononi. Aliinua karatasi, akaongea na daktari aliyekuja naye, akatujia.

"Poleni sana. Daktari anasema inaelekea ni moyo. Mara ya mwisho mlimwona akiwa hai saa ngapi?"

"Saa tano na nusu," alisema Fermín. "Alikuwa amesimama majini. Akatupungia mkono."

Hakimu akanitazama. "Ni hivyo, mama?"

"Ni hivyo," nikasema. Akaandika.

Tulipokuwa tunapakia viti kwenye gari nilimuuliza, "Kaka, kwa nini umesema alitupungia?"

"Sijui. Ningesemaje? Kwamba hatukumtazama hata mara moja?"

Nikafunga buti la gari.

Juma lililofuata niliwapigia masista simu kuwaambia hatukihitaji chumba. Walinipa pole, wakasema kuna bibi mmoja alikuwa akikisubiri.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Fermín huisimulia habari ile kila tukikutana, na kila mwaka inanenepa: sasa baba anatabasamu, anatuita kwa majina yetu. Nadhani ameshaiamini. Krismasi iliyopita aliwasimulia wanawe mezani, kisha akanigeukia. "Muulizeni shangazi yenu. Naye alimwona."

Wote wakanitazama. Nikasema ndiyo, nilimwona, alikuwa na furaha. Kisha nikaenda jikoni, nikakaa huko mpaka waliponiita.