Picha Zilizofumba Macho

Mjomba alikuwa na sheria moja pale dukani kwake: mteja akishapigwa picha za paspoti, inabaki ile iliyotoka vizuri, nyingine zote zinafutwa. Aliyefumba macho, futa. Aliyeacha mdomo wazi, futa. "Mtu anataka sura yake, hataki historia ya sura yake," alipenda kusema, kisha anacheka mwenyewe.

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, na pazia jeupe la kupigia picha, na kitana kilichofungwa kwa uzi kando ya kioo ili wateja wasiondoke nacho, na mashine ya fotokopi iliyokohoa kila ilipowashwa. Pembeni palikuwa na kompyuta ya zamani, herufi zake zimelika kwa kubonyezwa. Hapo ndipo mpwa wake, binti ambaye mtaa mzima ulimwita Penseli, alipojifundisha katuni zinazotembea. Hakuwa na mwalimu. Wateja wakikosekana alifungua video za wanaojua, akazisimamisha, akazirudisha nyuma, akachora kwa kipanya mpaka kiganja kikafa ganzi. Mipira yake ya mwanzo ilidunda kama mawe. Paka wake alitembea kama meza. Akafuta, akaanza upya.

Safari hii alikuwa amemchora mama yake akijitwisha ndoo ya maji. Picha juu ya picha, kila moja ikipishana na mwenzake kidogo mno: goti la kushoto linacheza, maji yanaruka ukingoni, mama anafumba macho maji yasimwingie, kisha shingo inanyooka. Ukizipitisha haraka, mama anainuka kweli, mpaka unataka kumpokea. Jumatatu alitakiwa kuipeleka kwenye karakana ya katuni iliyokuwa ikitafuta mwanafunzi mmoja tu wa kufundishwa kazi. Asiye na kitu cha kuonyesha, walisema, asijisumbue.

Jumapili mchana alimkuta Mjomba amejinyoosha kitini, ameridhika kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

"Njoo uone, Penseli. Nimekusafishia! Picha za harusi zilikosa nafasi kwenye kompyuta, nikafungua vitu vyako. Loo! Dada yangu kajaa humo utadhani wanamtengeneza kiwandani. Nikakuchagulia mbili nzuri."

"Mbili?"

"Hii ndoo iko chini. Na hii anayo kichwani. Hizo za katikati amejipinda-pinda tu, na nyingi, Penseli, nyingi amefumba macho!"

Binti aliinamia kompyuta. "Kwenye kapu la takataka zipo?"

"Nimelimwaga. Mimi nikisafisha, nasafisha."

"Mjomba, katikati ndiyo kazi! Hizo mbili zako ni mtu amesimama na mtu amesimama! Umemfuta mama akiinuka!"

"Sasa unanipigia kelele mimi? Kwenye kiti changu?"

"Kiti chako, ndiyo! Kila siku kiti chako!" Alisukuma pazia likaanguka na fimbo yake, akatoka bila kuliokota.

Nyumbani, mama alimsikiliza huku akichambua mchele, kisha akasema lile ambalo Penseli alijua litasemwa. "Mwombe radhi mjomba wako. Nani mwingine angekuachia kompyuta?"

"Yeye afute, mimi niombe radhi?"

"Ni mkubwa wako. Hakujua."

"Hakuuliza, mama! Nilikuwa hapo nyuma ya ukuta, nafua mashati yake!"

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo, kisha ukarudi kuchambua mchele.

Jumatatu alikwenda hivyo hivyo, mikono mitupu, taya zimekaza. Mkuu wa karakana alikuwa mama mmoja mfupi, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Kazi yako iko wapi?"

"Imefutwa."

"Ah, mwanangu. Kila anayekuja hapa kazi yake imefutwa. Au kompyuta imeungua. Mmoja aliniambia imeliwa na mbuzi."

Vijana waliokuwa wameinamia vioo vya kompyuta zao wakacheka. Penseli hakucheka. "Nipeni kiti nichore hapa hapa. Ikiwa mbaya, mnifukuze hawa wote wakiona."

"Una hasira wewe."

"Ninayo."

Mama yule akamtazama, akavuta kiti kwa mguu. "Mpaka tufunge. Chora unachotaka."

Mwanzoni alijaribu ndoo. Haikuja, mkono ulikuwa mgumu, na kila goti alilochora lilimkumbusha lile lililofutwa. Basi akachora kilichokuwa kimemjaa kooni. Akamchora Mjomba. Mjomba anasogeza shingo mbele kama kobe, analamba kidole utadhani anafunua karatasi, anakiinua juu, mabega yanapanda. Kisha kidole kinashuka, na hapo hapo, sekunde ile ya kufuta, Mjomba anafumba macho. Siku zote alifanya hivyo. Penseli aliziona picha hizo kichwani moja moja, bila kubahatisha, kwa kuwa alikuwa amemtazama miaka yote akiwa na hamu ya kiti chake.

Walipofunga, mkuu wa karakana alishusha miwani. Akaipitisha, akairudia. Akaguna, halafu akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Huyu nani?"

"Mjomba wangu."

"Mungu amsaidie. Kesho uje na chakula chako, hapa hatupiki."

Jioni ile Penseli aliingia dukani na kifaa cha kubebea picha mfukoni, alichoazimwa na karakana. Pazia lilikuwa limesharudishwa, fimbo imefungwa kwa kamba. Hakusalimia. Alichomeka, akabonyeza, akarudi nyuma.

Mjomba alimtazama Mjomba wa kwenye kioo cha kompyuta. Shingo. Ulimi. Kidole. Akajishika shingo yake mwenyewe.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Kwa hii?" Akaitazama tena. "Mbona hapo nimefumba macho? Hiyo moja itoe, Penseli, mwanangu. Zilizobaki ni nzuri." Na kidole chake, bila hata yeye kukituma, kikaanza kuinuka.

"Gusa uone," alisema Penseli.

Kidole kikabaki hewani.