Gari la Ajali Haliguswi

Mwezi wa Julai Nyeri haina huruma na mtu wa kifua. Ukungu hushuka asubuhi ukakaa juu ya mabati hadi saa sita, na ule mlima ambao watu husafiri kuja kuutazama hauonekani hata ncha. Katika mwezi huo, mwaka wa sabini na sita, Sajini Barnabas Oloo alikuwa na kazi moja tu ya maana: kumrudisha mama yake nyumbani Ugenya angali hai.

Mama Susana alikuwa ameletwa Kiganjo miezi mitatu kabla ya hapo, kwa mwanawe aliyekuwa mwalimu wa makurutu wa polisi, ili atibiwe kifua. Dawa zilijenga, baridi ikabomoa. Daktari wa mwisho hakumung'unya maneno: mpeleke kwenye joto, na usichelewe. Mama mwenyewe alikuwa na neno lake, na hakulisema mara moja tu.

"Barnabas, nilikuja hapa nimeketi. Nitarudi nimeketi. Usije ukanirudisha nimelala."

Barnabas akaapa. Safari ya basi haikuwa ya kuzungumzwa, maana mama hakuweza kupanda ngazi tatu bila kupumzika, lakini Barnabas alikuwa na Pijo yake, ile ndefu yenye nafasi nyuma, na kwao walishaambiwa kwamba mama atarudi kwa gari la mwanawe. Siku ikawekwa, Jumamosi. Gaudencia, mke wa Barnabas, akashona mto mnene wa kitambaa cha maua, akauweka kwenye kiti cha nyuma ili mgongo wa mama mkwe upate pa kuegemea.

Alhamisi Barnabas akaingia Nyeri mjini kununua blanketi la safari. Karibu na soko, lori la kabichi kutoka Wamagana likarudi nyuma bila dereva kutazama, likaigonga Pijo upande wa kushoto. Taa moja ikavunjika. Fenda ikabonyea ikawa karibu kugusa gurudumu. Karibu, lakini haikugusa, na injini haikukohoa hata kidogo. Dereva, mzee mmoja aliyeitwa Theuri, akashuka na kofia mkononi.

"Afande, nisamehe. Makosa ni yangu. Twende kwa fundi saa hii atengeneze, tumalizane."

Mtu mwingine angeyamaliza hapo, akanunua blanketi lake, akaenda zake. Lakini Barnabas alikuwa amefundisha sheria za barabara kwa miaka kumi na mmoja, na kila darasa alilianza kwa maneno yale yale: "Gari ya ajali haiguswi!" Na makurutu humjibu kwa kelele za kutingisha madirisha: "Mpaka mkubwa afike, Afande!" Alikuwa ameyasema mara nyingi mno hata yakawa kwake kama sala. Basi akaipima barabara kwa hatua, akachora ramani, akampeleka Theuri kituoni kuandikisha, kisha akapiga simu Nairobi kwa kampuni yake ya bima. Akaambiwa mkaguzi atakuja Jumatatu kuliona gari. Hakuuliza zaidi. Yaliyobaki aliona anayajua.

Kwa kuwa Pijo ilikuwa imeziba njia, alikubali isukumwe, isukumwe tu, isiwashwe, hadi uani kwa Abdulkadir. Huyu alikuwa fundi wa bodi, mzaliwa wa Nyeri hii hii kama baba yake, na mikono yake ilikuwa imenyoosha nusu ya magari ya mji. Alipofika Barnabas, Abdulkadir alikuwa ameshaokota vipande vya taa na kuvitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia.

"Sajini, hii ni kazi ya dakika ishirini," alisema. "Nanyoosha fenda, nafunga taa nzee niko nayo hapa, Jumamosi unaenda na mama. Mtu wa bima akikuja namwonyesha vipande. Miaka yote tunafanya hivyo."

"Nani amekuambia uokote?"

"Ni vioo, Afande. Niache zikate watu?"

"Gari ya ajali haiguswi."

Abdulkadir akafuta mikono polepole. "Basi iende hivyo hivyo. Fenda haishiki gurudumu. Na mchana, taa ni ya nini?"

"Mimi ndio nafundisha watu hiyo sheria. Niivunje mimi?"

Tuseme ukweli hapa, maana hakuna wa kuuficha tena. Haikuwa sheria peke yake. Barnabas alimwona Abdulkadir na ovaroli yake yenye grisi, akaona mtu asiye na cheo, na kwake yeye neno lisilotoka juu halikuwa neno. Angemwuliza swali moja tu, angejua kwamba fundi yule alikuwa amepokea wakaguzi wa bima wengi kuliko idadi ya makurutu wa darasa zima. Hakumwuliza.

Jumamosi asubuhi mama akaoga, akavaa gauni lake la buluu, akafunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye kiti kando ya mlango na mfuko wake magotini. Barnabas akachuchumaa mbele yake kumweleza.

"Gari limekufa?" mama akauliza.

"Hapana, Mama. Linatembea."

"Sasa tunangoja nini?"

"Mtu wa kuliangalia."

"Wewe hukuliangalia?"

"Nimeliangalia."

"Basi," mama akasema, akaendelea kuketi. Adhuhuri ilipofika akalivua gauni mwenyewe, akalikunja, akarudi kitandani. Hakugombana na mtu. Afadhali angegombana.

Jumatatu mkaguzi hakuja. Barnabas akapiga simu kutoka posta, akaambiwa Jumatano. Jumatano akaambiwa mkaguzi yuko Meru, atapitia Nyeri Ijumaa. Na kila asubuhi mama alivaa gauni la buluu. Jumatano alilifunga vifungo nusu. Alhamisi Gaudencia alimvalisha, naye akawa anapumua kwa mdomo, ukungu ukipita dirishani nyuma yake. Gaudencia hakuwa mwanamke wa kumpandishia mumewe sauti, lakini siku hiyo alimfuata hadi nje.

"Baba Otieno, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nenda ulete gari."

"Kesho ni kesho tu. Niharibu kila kitu kwa siku moja?"

"Uharibu nini?" Gaudencia akauliza. Barnabas akavaa kofia yake akaenda darasani.

Ijumaa saa nne mkaguzi akafika uani kwa Abdulkadir. Alikuwa kijana mwenye tai na kamera ndogo. Akapiga picha mbili, akachungulia mkebe wa vioo, akamsalimia Abdulkadir kwa jina, akaandika mistari minne. Dakika tano hazikutimia.

"Imekwisha, Sajini. Tutalipa. Samahani kwa kukukalisha bila gari. Ilikataa kuwaka?"

"Inawaka."

"Sasa mbona hukuitumia?"

Barnabas akamtazama. "Gari ya ajali haiguswi mpaka…"

"Aa, hiyo ni ya polisi, pale barabarani, mtu akiumia," kijana akasema kwa upole, bila dharau yoyote. "Sisi tunataka kuona kilichovunjika tu. Hata kama Abdulkadir angeshaitengeneza, vipande si viko? Mimi namwamini."

Abdulkadir alikuwa ameinama juu ya boksi lake la spana, akitafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Barnabas hakuaga. Aliliwasha gari vile lilivyo, fenda imebonyea, jicho moja limetoboka, akalikimbiza kuelekea Kiganjo. Njiani alikuwa akihesabu: mafuta yapo, blanketi lipo, wakiondoka saa sita watalala Nakuru, kesho wanaingia Ugenya juani. Alihesabu kwa sauti kama mtu anayeomba. Alipokata kona ya nyumba za walimu akamwona Gaudencia amesimama nje kwenye baridi bila shali, akajua.

Mama alikuwa ametaka kuvalishwa mapema siku hiyo. Kifungo cha mwisho hakikufungwa.

Bima ililipa, tena bila kupunguza hata senti. Barua yao ilikuwa na mhuri na sahihi mbili, na Barnabas hakuimaliza kuisoma.

Lakini hiyo ilikuja baadaye. Jumapili, kabla ya safari, aliirudisha Pijo uani ili itengenezwe. Abdulkadir alipiga fenda, akafunga taa nzee, na hakutaka malipo. Barnabas alikuwa amejikataza kutazama saa, akaitazama. Zilikuwa dakika kumi na nane.

"Sajini," Abdulkadir akasema kwa sauti ya chini, "jeneza haitaingia kiti ikisimama hivi. Nikilaze?"

Mto wa maua ulikuwa bado umeegemea pale Gaudencia alipouweka, haujabonyea popote.

"Usiguse," Barnabas akasema.

Fundi akarudi nyuma hatua moja. Barnabas akautoa mto, akaubana kwapani, akaingia nusu ndani ya gari akitafuta kishikio cha kiti kwa vidole. Akakivuta. Kiti kikaanguka mbele, na mtu yule ambaye hakuwahi kuvunja sheria hata moja akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, akalia kama mtoto, huku Abdulkadir akishikilia mlango usimfungie mgongoni.