Jukwaa la Maharusi

Mtu hufa lini hasa: siku pumzi inapomtoka, au siku wa nyumbani kwake wanapokubali? Nilikuwa nikiwaza hivyo huku nikipima unga kwa kopo katika ukumbi wa hisani.

Chuo kikuu kilikuwa hakijafunguliwa tangu vita viishe, nami nilijitolea kuwahudumia wajane na mayatima wa mji wetu. Kabla ya vita ukumbi ule ulikuwa wa harusi. Riboni nyekundu bado zilining'inia juu ya jukwaa. Kamati ilikuwa na sharti moja, ililoliweka baada ya kugundua kuwa baadhi ya wanawake wamewaficha waume zao majumbani. Mjane hupanda pale walipokuwa wakikaa maharusi, akasema, "Mume wangu amefariki." Kisha ndugu wa damu wa mume hujibu kutoka chini, "Ni kweli." Bila jibu hilo, hapati kitu. Aliyepotea si aliyekufa, na waliopotelewa hawakutengewa fungu.

Kaka yangu alikuwa amepotea.

Mama alikwisha kutuonya jikoni: "Atakayemzika mwanangu kwa mdomo, na anizike na mimi."

Mjane mmoja mnene alishuka jukwaani akiwa amekumbatia mfuko wake. "Wangu alipokuwa hai hakuniletea hata kibaba," alisema. "Kumbe alikuwa ananiwekea!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilikisikia kama mvua inayonyesha kwenye paa la jirani.

Nyuma yake alikuwa mke wa kaka yangu, mtoto mgongoni.

"Wifi, usinitazame hivyo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu mwanao jana kalala na maji ya chumvi tumboni. Mimi nitasema. Wewe je?"

"Na akirudi?"

"Akirudi atatukuta hai. Atanuna, tutampikia."

Nilitafuta machozi, walau kwa heshima ya kaka, nisiyapate. Moyo wangu ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, lakini hauhisi. Chuoni tulijadili haki za wahanga hadi koo zikakauka, tukiamini kuwa ukweli na huruma ni pacha wasioachana. Sasa walikuwa wamesimama pande mbili za ukumbi, kila mmoja akiningoja.

Wifi alipanda. Sauti yake haikutetemeka.

"Mume wangu amefariki."

Mwenyekiti wa kamati, fundi cherehani mstaafu, alipangusa miwani yake kwa ncha ya shati. "Nani yupo wa upande wa mume?"

Hapo ndipo nilipomwona mama mlangoni. Hakuingia. Alikuwa ameushika mwimo kwa mikono miwili, kama anayeizuia nyumba isianguke.

"Mwanangu," aliniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "nyamaza tu. Kunyamaza si dhambi."

Mgongoni mwa wifi mtoto alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima.

"Wa upande wa mume?" mwenyekiti aliuliza tena. "Kama hayupo, mjane ashuke."

Niliweka kopo chini.

"Nipo," nilisema. "Mimi ni dada yake. Ni kweli, kaka yangu amefariki. Mpeni mkewe fungu lake. Mama nitamrudisha nyumbani mimi mwenyewe."