Amina ya Mama Pindo

Alhamisi saa tisa alasiri, Mama Pindo alikuwa akimpima Mchungaji joho jipya, pini tatu mdomoni, mwanawe wa pekee alipoingia akifuka moshi. Alikuwa amekufa miezi minne iliyopita. Alivua viatu mlangoni, maana alikwisha kuliunguza zulia mara mbili, akaingiza miguu kwenye beseni aliloandaliwa. Maji yakaanza kuchemka taratibu. Mchungaji akamuuliza habari za huko. Kijana akajibu nzuri tu. Nani anayejibu vingine?

Ni Mchungaji huyuhuyu aliyetangaza mazishini kwamba kijana, kwa kufa bila kurudi kanisani, ameingia motoni milele. Waumini wakaitikia amina. Mama Pindo naye, kwa mazoea ya miaka thelathini, akaitikia, tena kwa sauti. Jamani, mtu unaitikia kabla hujasikia kilichosemwa! 

Sasa Mama Pindo akatoa pini mdomoni, akaomba amina yake ifutwe. Mchungaji akasema, kwa upole usio wa kuigiza, kwamba hata yeye roho inamuuma, ila hukumu si joho, haipunguzwi kiunoni. Akaongeza kwamba Mungu anampenda kijana huyu kuliko mama yake anavyompenda.

Mama Pindo akamgeukia mwanawe. "Eti ni kweli?"

"Kweli, mama. Huja mwenyewe kila siku kuniangalia. Hulia sana."

"Akishalia?"

"Hufunga mlango."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyofundishwa chuoni. Akauliza kama joho litakuwa tayari Jumamosi. Akaambiwa litakuwa tayari. Akatoka kwa kuambaa ukuta, asiguswe na mvuke.

Mama Pindo akaongeza maji. Akamwambia mwanawe kwamba siku yake ikifika atamfuata hukohuko. Kijana akacheka kidogo. Jina la mama, alisema, limeshaandikwa kule kuzuri, na halihamishwi.

"Nitakuwa nakuona?"

"Vizuri sana. Sisi tuko chini ya madirisha yenu."

"Sasa nitavumiliaje, mwanangu?"

"Wanasema hamtaumia. Mtatuona, na mtafurahi tu."

Mama Pindo akaingiwa na hofu ambayo hata mazishini hakuipata. Saa kumi ilipofika kijana akavaa viatu, akamuaga, akarudi motoni. Yeye akabaki peke yake mbele ya cherehani, akalia kwa pupa, maadamu bado aliweza.